Kiganja Kimoja Chini ya Jiwe

Mama aliponiambia niende mlimani kumuuguza bibi kwa wiki sita, nilikubali kabla hajamaliza kuongea. Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka uliopita, shahada ya ununuzi na ugavi, na tangu hapo nilikuwa nakaa kwake Same mjini nikisubiri majibu ya usaili mmoja. Kila asubuhi nilifungua ukurasa wa majibu kabla sijapiga mswaki. Nikiukuta haujabadilika niliufunga na kuufungua tena, isije ikawa simu ndiyo imenidanganya. Mama anauza vitenge karibu na stendi. Jioni akirudi alinikuta nimekaa palepale aliponiacha, na nadhani yeye alichoka kuniangalia kuliko mimi nilivyochoka kusubiri. Bibi alipoteleza bandani kwa mbuzi na kuvunjika kifundo cha mguu, hakuna aliyeuliza nani aende.

Bibi anakaa juu kidogo ya Suji, peke yake tangu babu afariki. Mguu wake ulikuwa umefungwa hogo, lile plasta gumu jeupe, kuanzia vidoleni hadi karibu na goti. Kijana wa hospitali alikuwa amemwambia mbele ya mama asikanyage kabisa kwa wiki sita, maana mfupa ukihama itabidi apasuliwe. Bibi aliitikia "sawa, baba" kwa adabu zote. Siku niliyofika nilimkuta jikoni amesimama kwa mguu mmoja, mkono mmoja kwenye nguzo, wa pili unakoroga makande.

"Shikamoo, bibi. Si umeambiwa ukae?"

"Marahaba, mke mwenzangu. Nimekaa tangu jana. Kukaa nako kunachosha."

Nilimshika nikamrudisha kwenye kiti. Moyoni nilikuwa nimeshaona mfupa umehama, gari la wagonjwa, mama analia, na watu wananiuliza ulikuwa wapi.

Lakini mguu haukuwa ndio uliomnyima bibi usingizi. Yalikuwa maharage. Ana shamba dogo chini ya nyumba, mistari kumi na minane, na msimu ule wa kiangazi alikuwa amepanda maharage ya kumwagilia. Yalikuwa yameanza kutoa maua. Bibi hula maharage hayo mwaka mzima na mbegu ya msimu unaofuata hutoka humohumo. Maua ya maharage, aliniambia, hayana uvumilivu wa binadamu. Yakikosa maji yanadondoka, na ua likidondoka hakuna dawa ya kulirudisha.

Maji ya kumwagilia hutoka kwenye ndiva. Kwa asiyezijua ndiva za Upare, ni bwawa dogo lililochimbwa na mababu ubavuni mwa mlima na kuzungushiwa ukuta wa mawe na udongo. Maji ya chemchemi huingia kidogo kidogo tangu jioni. Asubuhi, bwawa likijaa, kizibo kinachomolewa na maji yanashuka kwa mfereji hadi mashambani. Ndiva yetu ina kaya ishirini na nne, kaya mbili kila siku, kwa hiyo kila kaya hupata zamu yake baada ya siku kumi na mbili. Shamba la bibi ni la mwisho kabisa, mkiani mwa mfereji.

Zamu yake ilikuwa siku ya tano tangu nifike. Usiku wa kuamkia siku hiyo bibi alinipa maagizo, nami nikayaandika kwenye simu kama mtu wa mtihani.

"Unafika, unasalimia, unakaa. Ndani ya ndiva kuna jiwe jeusi, utaliona. Maji yasipolifunika hilo jiwe hakuna anayegusa kizibo. Na yakilifunika, anayegusa ni mama mgawaji wa maji, si wewe."

"Na asipokuja?"

"Atakuja."

"Lakini mfano asipokuja, bibi. Kama amepata dharura."

"Unakaa," alisema.

Nilifika kabla jua halijatoka, jembe begani. Mtu mwingine wa zamu ile alikuwa mzee jirani yetu, aliyefanya kazi ya reli kule Lembeni hadi alipostaafu akarudi mlimani. Ni mtani wa bibi, na kwa hiyo ni mtani wangu.

"Karibu, mchumba," alisema. "Wamekutuma wewe? Vidole hivyo vitashika jembe kweli, au vimezoea kusugua kioo cha simu?"

"Shikamoo, babu. Vitashika tu."

"Marahaba. Basi kaa hapa tusubiri treni."

Nililiona jiwe. Maji yalikuwa chini ya kichwa chake, kama viganja viwili. Chemchemi ilikuwa inaingiza maji membamba kama ya bomba bovu. Nilikaa. Baada ya nusu saa niliangalia, nikaona hayajapanda. Niliweka jani la mgomba ukingoni ili nipime. Saa moja na nusu maji yalikuwa yamepanda, lakini kidogo mno. Jua lilizidi kupanda. Kule bondeni nililiona shamba la bibi, kipande cha kijani kilichofifia, na nikawaza joto linalopanda, maua yanayolegea, na zamu inayofuata ambayo iko siku kumi na mbili mbele. Mama mgawaji hakuwepo. Saa mbili hakuwepo. Saa mbili na nusu hakuwepo.

"Babu, huyu mama huwa anakuja saa ngapi?"

"Akija."

"Hawezi kuwa amesahau?"

"Mwaka wa nane huu anagawa. Leo ndiyo asahau kwa sababu umekuja wewe?" Alicheka, akainuka. "Ngoja nikanywe uji, nitarudi na jembe langu. Na wewe ukae. Usiende kuzungusha zungusha hapo."

Nikabaki peke yangu. Nimejiuliza mara nyingi ingekuwaje kama uji wa yule mzee ungekuwa umechelewa kuiva asubuhi ile, lakini hilo ni swali langu la uoga, nalijua. Jibu lake ni kwamba nilichofanya nilikifanya mwenyewe.

Nilitoa simu nikafungua kikokotoo. Nilipima urefu wa ndiva kwa hatua, nikapima upana, nikakadiria kina kwa mpini wa jembe. Nikazidisha. Kisha nikakadiria shamba la bibi na la mzee. Jibu lilionyesha kwamba maji yaliyokuwemo yanatosha mashamba yote mawili na yanabaki. Nilirudia hesabu mara tatu. Kila mara ilitosha. Kwa nini basi tunasubiri? Jiwe liliwekwa na watu ambao hawakuwa na kikokotoo. Na mama mgawaji akija saa tano, jua likiwa kichwani, si nusu ya maji itapotelea hewani? Nilijiambia kwamba kusubiri bila sababu ni uzembe uliovaa nguo ya heshima. Bado nakumbuka jinsi nilivyoipenda sentensi hiyo.

Maji yalikuwa kiganja kimoja chini ya kichwa cha jiwe.

Kizibo ni mti mrefu uliofungwa matambara na majani ya mgomba upande wa chini, kisha ukakandikwa tope. Nilidhani kitanishinda. Nilikishika kwa mikono miwili, nikakitikisa, na kabla sijaamua vizuri kama ninajaribu au ninafanya kweli, kikatoka. Maji yakaanza kutoka.

Niliwahi chini kwenye mfereji kuyafuata. Hayakuwa na mbio. Nilitarajia kuyakimbilia, nikajikuta nayasubiri. Mfereji haukuwa umepitisha maji tangu jana yake, ulikuwa na nyufa, na kila ufa ulikunywa kwanza. Penye tundu la panya maji yalizama yakazunguka ndani, yakatoka baadaye yakiwa yamepungua. Nilianza kuziba matundu kwa mikono. Nikaziba moja, nikakuta mengine mawili. Kwenye kona ya pili maji yalipungua yakawa ya kuloweka nyayo. Kona ya tatu yakawa ulimi mwembamba unaosukuma majani makavu. Huo ulimi ulifika kwenye jiwe moja bapa, ukasimama, ukazama. Shamba la bibi lilikuwa bado mwendo wa robo saa kwa miguu.

Nilipanda mbio kurudi kuzibua, yaani kuziba. Hata maneno yalikuwa yamechanganyika kichwani. Nilikirudisha kizibo, maji yakakisukuma. Nikakirudisha tena na tope, tope likabebwa. Hapo ndipo nilipojua kwamba kizibo huwekwa ndiva ikiwa tupu. Nilikaa ndani ya maji nikiwa nimekikumbatia kizibo kile kama mtoto, na maji yakaendelea kupita pembeni yangu hadi yakaisha.

Mama mgawaji alifika saa tatu na nusu pamoja na mzee. Ni mwanamke wa miaka arobaini hivi, mrefu, mwenye sauti ndogo. Alisimama ukingoni akaangalia tope na vyura.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba. Jiwe lilikuwa limefunikwa?"

"Bado kidogo."

Mzee alishika kiuno. "Eti kidogo! Mchumba, chuo walikufundisha ugavi. Haya, leo umegawa nini? Umewagawia vyura!"

"Nilipiga hesabu," nilisema. "Maji yalikuwa yanatosha."

"Yanatosha kama shamba liko humu ndani ya ndiva," alisema mama mgawaji, bila hasira. "Shamba liko kule. Maji machache hayasukumani, binti. Yakiwa mengi, ya nyuma yanayapiga ya mbele, yanafika. Na mimi siji mapema kwa sababu najua hayajai mapema. Nikija mapema na mimi nitakifungua. Nami nina moyo kama wako."

Mchana wanakamati watano wanaosimamia maji walikutana palepale kwenye ukingo wa ndiva. Niliitwa nikasimama mbele yao. Nilikuwa nimetunga maelezo yangu kwa mpangilio, kuna utangulizi na hoja tatu, lakini mzee mmoja aliuliza tu, "Uliambiwa usubiri?" Nikasema niliambiwa. "Ulisubiri?" Nikasema hapana. Kikao kikaisha hapo.

Mzee jirani, kwa kuwa hakuwa na kosa, aliingizwa kwenye zamu ya kesho yake. Bibi hakuingizwa. Zamu ya kaya yake ilikuwa imetumika, wakasema, haijalishi imetumikaje. Atasubiri siku kumi na mbili. Na mimi nilipewa msaragambo wa peke yangu. Msaragambo ni kazi ya pamoja ya kijiji, watu wanakuja na majembe na kelele. Wa kwangu haukuwa na kelele: kusafisha mfereji wote, kutoka ndiva hadi mkiani, kutoa tope, kukata nyasi, kuziba matundu yote ya panya, kabla ya zamu ya bibi kurudi.

"Naomba mnipe mimi adhabu mara mbili," nilisema, "ila bibi apewe maji. Yeye hajakosa."

Mama mgawaji alitikisa kichwa. "Maji ni ya kaya. Hatuna maji ya mtu mmoja mmoja hapa."

Nilishuka nyumbani nikitafuta namna ya kumwambia bibi. Nilikuwa nimeandaa namna nne. Habari ilikuwa imenitangulia. Nilimkuta amekaa uani, mguu wenye hogo juu ya kigoda, anatazama upande wa shamba.

"Kidogo kiasi gani?" aliuliza.

"Nini, bibi?"

"Umewaambia maji yalibaki kidogo kufunika jiwe. Kiasi gani?"

Nilimwonyesha kiganja.

"Kiganja ni kingi," alisema, kisha akaongea Chasu, lugha ya kwetu Upare, kwa muda mrefu, akiangalia chini. Chasu changu ni cha kuombea chumvi. Sikumwelewa, na sikuthubutu kumwomba arudie. Alipomaliza akaniambia kwa Kiswahili nikamkamue mbuzi.

Kesho yake nilianza kazi. Sitaieleza kama ushujaa. Ilikuwa kazi ya mgongo na kucha, na nilikuwa na uoga muda wote. Nilihesabu siku na kuhesabu maua. Kila asubuhi kabla ya kupanda mfereji nilipita shambani nikachagua mistari mitatu na kuhesabu maua yaliyodondoka. Siku ya kwanza machache. Siku ya tatu ardhi chini ya mashina ilikuwa na vidoti vyeupe. Nilipendekeza kwa bibi nichote ndoo kwenye bomba la kijiji. Alikataa kabla sijamaliza.

"Bomba ni la kunywa. Unataka tufanye makosa mawili?"

"Basi maji ya kuoshea vyombo?"

Alifikiri. "Hayo ni yako. Ila usiweke sabuni."

Tangu hapo niliosha vyombo kwa majivu, nikaoga kwa maji nusu ndoo nikiwa nimesimama ndani ya beseni, na kila tone nililibeba hadi kwenye mistari iliyo karibu na nyumba. Kwa kikombe, shina moja moja. Mistari minne ndiyo niliyoweza. Kumi na minne niliipita kila siku nikiwa nimeinamisha kichwa, kama mtu anayepita mbele ya watu wanaomdai radhi.

Mzee jirani alikuwa anapita kwenye mfereji kunikagua, ingawa hakuna aliyemtuma. "Hapo umeacha tundu," anasema, akionyesha kwa fimbo. Naziba. "Na hapo." Naziba. Siku moja nilimuuliza kwa nini hakunikasirikia, wakati ni maji yake pia niliyoyamwaga.

"Nilikasirika," alisema. "Mke wangu ndiye aliyeniambia ninyamaze. Na mimi naambiwa, mchumba. Unafikiri ukizeeka unaacha kuambiwa? Ndiyo kwanza wanaongezeka wanaokuambia: mke, watoto, daktari, mwenyekiti mwenyewe mdogo kwangu miaka thelathini." Akaenda zake. Baada ya hatua kumi akageuka. "Hapo tena umeacha."

Siku ya saba nilirudi mapema kuliko kawaida kwa sababu mpini wa jembe ulikuwa umelegea. Bibi alikuwa kwenye kiti chake uani, kanga mabegani, ametulia kupita kiasi. Nikamsalimia, akaitikia. Nikapita ndani kutafuta nyundo. Nilipotoka nikaona hogo. Lilikuwa jeupe siku zote. Sasa chini lilikuwa na tope, jekundu, bichi.

Niliangalia njia ya kwenda shambani. Kulikuwa na alama za fimbo, na unyayo mmoja, na pembeni yake duara la hogo. Unyayo, duara. Unyayo, duara. Hadi kwenye mstari wa kwanza wa maharage na kurudi.

Nilimpigia kelele bibi yangu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nilimwambia mfupa umehama, kwamba atapasuliwa, kwamba mimi ndiye nitakayeulizwa, kwamba aliambiwa maneno rahisi kabisa, asikanyage, na kama mtu wa umri wake hawezi kutii neno moja...

"Nilitaka kuona tu," alisema.

"Kuona nini?"

"Maharage yangu. Unaniambia yako salama, lakini macho yako yanasema mengine. Nilitaka kuona tu."

Nyundo niliiweka chini. Nilichotaka kusema kilikuwa ndicho wazee wa ndiva walichopaswa kuniambia mimi, na hawakukisema.

"Mimi nami nilitaka maji tu," nilisema.

Bibi alijifunika uso kwa kanga. Nilidhani analia, alikuwa anacheka, na katika kucheka akawa analia pia kidogo. "Miaka thelathini nafundisha watoto kanisani kutii," alisema. "Leo mtoto wa juzi wa hospitali, hata ndevu hana, ananiambia kaa, nashindwa wiki mbili. Kaa hapa chini, mke mwenzangu. Niambie ukweli. Mingapi?"

Nilimwambia. Mistari minne mizima. Sita yenye nafuu. Minane sijui. Alisikiliza akihesabu kwa vidole. Halafu tukapatana: yeye hatainuka kwenye kiti bila mimi, na mimi nitamwambia kila jioni hali ya maharage kama ilivyo, bila kuipaka sukari. Nililisafisha hogo kwa kitambaa. Tulibishana kidogo kuhusu kumwambia mama. Nilimwambia mama. Mama alipiga simu hospitali, wakasema kama hana maumivu mapya wasubiri siku yake ya kurudi. Kusubiri tena. Siku tatu mfululizo nilimuuliza bibi kila saa kama kunauma, hadi akasema kinachouma sasa ni sikio.

Jioni ya siku ya tisa niligundua sikuwa nimefungua ukurasa wa majibu ya usaili tangu asubuhi ya jana yake. Badala ya kufurahi nikaogopa, nikapanda mtandao unakoshika, nikaufungua. Haukuwa umebadilika.

Mfereji niliumaliza siku ya kumi na moja, jua likiwa linazama. Mama mgawaji aliupita wote kwa miguu, polepole, akibonyeza kwa kidole kila mahali nilipoziba. Sehemu mbili aliniambia nirudie. Nilirudia. Hakusema umefanya vizuri. Alisema, "Kesho."

Nilifika ndiva alfajiri. Mara hii mtu wa pili wa zamu alikuwa mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, maana mzee alikuwa amehamishiwa siku nyingine. Maji yalikuwa viganja viwili chini ya jiwe, kama siku ile. Nilikaa mbali na kizibo kwa makusudi, nikaiweka simu ndani ya mfuko, na mfuko nikaukalia. Haikusaidia sana. Kichwa kiliendelea. Kiliniambia usiku haukuwa na ukungu, chemchemi imepungua, leo hayatajaa kabisa. Kiliniambia kuna tundu moja kona ya tatu sikulibonyeza sawasawa. Sikuweza kukinyamazisha na sijaweza hadi leo. Nilichoweza ni kubaki nimekaa huku kinasema.

Saa mbili maji yalikuwa kiganja kimoja chini. Yule mama mwenye mtoto aliniangalia, nadhani kijiji kizima kilikuwa kinaijua habari yangu, akasogea akakaa kati yangu na kizibo. Alimtoa mtoto mgongoni akamnyonyesha.

Mama mgawaji alikuja saa tatu na nusu. Jiwe lilikuwa bado na kichwa cheusi nje ya maji, kidogo kama kitufe. Nilimtazama. Bila shaka kitufe kile hakina maana? Alikaa chini, akafungua daftari lake, akaanza kuandika mambo mengine. Tukakaa. Kile kitufe kikawa kama tone la wino, kisha maji yakapita juu yake bila sauti, na mimi nikawa sina hakika ni dakika gani.

"Haya," alisema mama mgawaji, akakichomoa.

Maji yalitoka kwa kishindo. Nilikimbia nayo, na safari hii yalinishinda mbio. Yalipita kona ya pili yakiwa yamejaa mfereji, ya tatu yakiwa na povu na majani, yakapita lile jiwe bapa kana kwamba halipo. Yule mama alichukua ya kwake kwanza, nikasimama na jembe nikingoja, kwa sababu ndio utaratibu, mwenye shamba la juu huanza. Alipomaliza akafunga upande wake kwa magome ya mgomba, akanipungia mkono.

Niliyaingiza shambani mstari wa kwanza saa sita kasoro. Kutoka uani juu nilisikia sauti.

"Yamefika?"

"Yamefika, bibi!"

"Wapi?"

"Mstari wa kwanza!"

"Usiyahamishe mpaka yafike mwisho!"

Nilisimama na jembe. Maji yalitambaa kwenye mchanga mkavu, yakiacha mapovu madogo. Mistari minane ya mwisho nilijua haitazaa chochote cha maana. Baadhi ya mashina yalikuwa yameshakuwa ya manjano. Mbegu tungeipata, chakula cha mwaka hapana. Nilijua nitakuja kujilaumu kwa hilo kila bibi atakapopika mboga ya kununua, na nilijilaumu.

"Sasa wapi?"

"Katikati!"

Nilijua anachofanya: ameshika mikono ya kiti, na ule mguu mzima umeshakanyaga chini tayari.

"Bibi, umekaa?"

"Nimekaa!"

"Kweli?"

Kimya kirefu kidogo. "Sasa nimekaa!"

Maji yalikuwa bado hayajafika mwisho. Nikangoja.